Mahafali ya Wasio na Nyumba

"Nimesema hafeli mtu hapa!" Bwana Kilimba alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika kwenye sahani. "Mara ya tatu hii, Bi. Stamili! Mara ya tatu mzee yule yule anafeli mtihani ambao hata mbuzi angeufaulu!"

"Basi mlete huyo mbuzi tumsajili," alisema Bi. Stamili. "Sajenti Likongo kapata kumi na mbili kwa mia. Mimi nasahihisha kilichoandikwa, siandiki ninachotaka."

"Swali la kwanza!" Bwana Kilimba aliinua karatasi ya mtihani juu kama anayeionyesha kwa mashahidi. "Mtu mwenye nyumba, mvua ikinyesha, hukaa wapi? A, ndani. B, nje. Unataka kuniambia mtu aliyepigania nchi hii miaka kumi na mmoja hajui jibu?"

"Miaka kumi na mmoja yote alikuwa nje, bosi. Labda kazoea."

Bwana Kilimba alikuwa Afisa Mahafali wa Wilaya, na tusimcheke, kwa kuwa katika nchi yao hicho kilikuwa cheo kikubwa kuliko cha Mganga Mkuu. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mito, madini na mahafali. Watoto wa chekechea walihitimu. Wagonjwa waliomaliza dozi walihitimu. Wafungwa waliomaliza kifungo walivishwa joho na kofia ya pembe nne, wakapigwa picha na mkuu wa gereza, na wale waliofungwa kwa wizi wa ng'ombe walipewa cheti cha daraja la pili. Mwaka mmoja daraja jipya la wilaya ya kaskazini lilivishwa joho la mita arobaini, Waziri akalitunuku, na likaanguka wiki iliyofuata likiwa limeshahitimu.

Kwa hiyo Serikali ilipogundua kuwa askari wake wa zamani wanalala kwenye mabaraza ya maduka, ilijua cha kufanya. Ilijenga Nyumba ya Mpito ya Mashujaa: bweni moja, vitanda kumi na vinane, jiko, na jukwaa la mahafali lenye ngazi za marumaru. Mpango ulikuwa na awamu mbili. Katika awamu ya kwanza, shujaa angefundishwa kwa siku tisini namna ya kuishi ndani ya nyumba. Katika awamu ya pili angepewa nyumba. Awamu ya kwanza ilifana kupita matarajio. Taarifa iliyosomwa bungeni ilisema kwamba asilimia mia moja ya wahitimu hawakurudi kuomba msaada, jambo linaloonyesha kwamba wamejitegemea, hivyo awamu ya pili haihitajiki tena. Wabunge walipiga makofi. Taarifa haikugusia kwamba mlinzi wa getini alikatazwa kumfungulia mhitimu.

Bi. Stamili ndiye aliyekuwa matroni wa nyumba ile. Alikuwa na stashahada ya ustawi wa jamii, watoto wanne aliowalea mwenyewe, na mdomo usio na breki. Alisimamia jiko, alifundisha Somo la Kufunga Mlango na Somo la Kukaa Sebuleni (kwa picha, maana sebule haikujengwa), na alisahihisha mitihani. Na ni kweli alikuwa amefuta majibu ya Sajenti Likongo kwa kifutio na kuweka mengine. Alifanya hivyo mara tatu, mchana kweupe.

Sababu yake ilikuwa mguu. Chini ya goti la kushoto la Sajenti palikuwa na kidonda alichorudi nacho vitani. Nesi wa Serikali alipita kila Jumatatu kuwatibu waliomo ndani ya nyumba, na waliomo ndani tu. Siku nyingine Bi. Stamili alikisafisha mwenyewe. Nesi alikuwa amemwambia waziwazi: "Mama, kinaziba. Apate miezi mitatu mingine mahali pakavu, atatembea bila fimbo. Akirudi kwenye baraza kabla ya hapo, na mvua hizi zinazokuja, mguu utakatwa." Bi. Stamili akapiga hesabu yake, akaona kati ya kumfelisha mzee na kumkata mguu, kufeli hakuumi.

"Nitaandika kwa Waziri," Bwana Kilimba alikuwa akiendelea. "Nitaandika kwamba matroni anahujumu ufaulu wa taifa. Kesho kutwa mgeni rasmi anakuja, mahema yameshaagizwa, na mimi nina wahitimu kumi na saba badala ya kumi na wanane! Majoho ya kukodi yamekuja kumi na manane! La kumi na nane nimvishe nani?"

"Vaa wewe."

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa kwa fimbo.

Sajenti Likongo aliingia amenyooka kama mlingoti, ingawa mguu mmoja aliukokota. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masharubu meupe aliyoyachana kila asubuhi kwa kitana cha chuma. Mkononi alikuwa na karatasi ya matokeo, ambayo ni dhahiri aliibandua ukutani, maana vipande vya chokaa bado vilining'inia kwenye pembe.

"Nani kaandika kumi na mbili?" aliuliza.

Aliiweka karatasi mezani.

"Kwa wino mwekundu," alisema. "Jina langu. Liko chini ya la Koplo Nandonde, ambaye tangu nimjue hajawahi kujua mkono wake wa kulia uko wapi. Mimi nilikuwa wa kwanza katika kwata. Wa kwanza katika shabaha. Nilikuwa wa kwanza kuvuka mto kule vitani na wa mwisho kurudi. Niambieni, leo nimefelije?"

Bi. Stamili alimkonyeza. Mzee hakuuona ukope ule, au aliuona akaudharau.

"Mzee wangu," alisema Bi. Stamili, "mitihani ni bahati. Nenda kapumzike, utarudia."

"Sirudii! Niulizeni sasa hivi."

Uso wa Bwana Kilimba ulikunjuka kama mwavuli. Alivuta kiti, akakaa, akaweka karatasi ya maswali mbele yake. "Swali la nne. Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba husemaje?"

"Husema karibu. Kisha humtazama mikono kama kaja na kitu."

"Sahihi! Swali la tisa. Mwenye nyumba akitoka, hufanya nini kwanza?"

"Hufunga madirisha, huzima jiko, hufunga mlango, huusukuma kuhakikisha, kisha hurudi kuusukuma tena."

"Sahihi kabisa! Swali la kumi na nne. Kitanda hutandikwa mara ngapi kwa siku?"

"Kila anapokuja mkubwa kukagua."

Hapo alipoteza alama mbili. Yaliyobaki yote aliyapata. Bwana Kilimba aliandika tisini na nane kwa tarakimu na kwa maneno, akagonga mhuri juu yake, akasimama kumpa mkono. "Hongera, Sajenti! Umekuwa wa kwanza kitaifa. Utaongoza gwaride la wahitimu. Na wa kwanza, kama ujuavyo, hukabidhiwa ufunguo."

"Ufunguo," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

Bi. Stamili alifunga daftari lake taratibu, maana angelifunga kwa nguvu lingempasua mtu kichwa.

*

Kesho yake asubuhi alimkalisha Sajenti kwenye benchi la jikoni, akamnyoosha mguu juu ya kigoda na kuanza kufungua bendeji.

"Ulinifelisha," alisema mzee.

"Nilikufelisha."

"Kwa nini, binti yangu? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Tazama hapa." Alimwonyesha kidonda. Pembeni nyama mpya ilikuwa imeanza kuota, laini, ya waridi. "Hii imeota kwa sababu unalala pakavu. Kesho usiku unalala wapi, baba?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

Sasa hapo pana habari ya kueleza. Sajenti aliwahi kuwa na kwake. Kilikuwa kiwanja kizuri katikati ya mji, na nyumba ya vyumba vitatu, na mpera. Alipokwenda Vita vya Mto, ambavyo nchi yao ilipigana na jirani kugombea mto uliokuwa ukikauka, Serikali ilitafuta mahali pa kujenga Mnara wa Mashujaa. Ilikiona kiwanja chake kuwa kinafaa, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Vita vilipokwisha, mto ulikuwa umekauka na mnara umesimama. Sajenti alikuta jina lake limechongwa juu yake, la tatu kutoka juu, pale pale palipokuwa chumba chake cha kulala. Alilala chini ya jina lake wiki mbili. Kisha askari wa jiji wakamtoa kwa kosa la kuchafua eneo la mashujaa.

"Nitapewa nyumba," alisema sasa. "Kilimba kaniambia mwenyewe. Wa kwanza anapewa ufunguo."

"Ufunguo nimeuona. Ni wa mbao, umepakwa rangi ya dhahabu, urefu wake kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Ukishapigwa nao picha wanauchukua wanaurudisha stoo. Mwaka jana kapewa Koplo mmoja kutoka kusini, na mwaka juzi mwingine. Ufunguo ni huo huo."

Mzee alitazama sufuria ya maharage ikichemka.

"Serikali haiwezi kumpa mtu ufunguo usio na mlango," alisema hatimaye. "Hata sisi kule mtoni hatukuwahi kupewa risasi bila bunduki." Akafikiri kidogo. "Ila mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili mlifanyaje?"

"Tulizirusha kwa mkono."

Bi. Stamili alicheka bila kutaka. Alipaka dawa, akafunga bendeji mpya, akaikaza. "Sikiliza, mzee. Mwambie Kilimba kwamba ulibahatisha majibu. Mwambie unaumwa kichwa. Usivae joho lile."

"Binti yangu, mimi sijui kusema uongo kwa mkubwa."

"Mimi nitakufundisha. Ni rahisi kuliko kufunga mlango."

"Hapana." Alishusha mguu chini, akajiinua kwa fimbo. "Kama mlango haupo, nitauliza uko wapi. Nitauliza mbele ya watu. Wakubwa wakiulizwa mbele ya watu hujibu."

Alisema hivyo kwa imani kabisa. Bi. Stamili alikuwa amelea watoto wanne, na aliijua imani ya namna hiyo. Haiondoki kwa maneno.

*

Siku ya mahafali mawingu yalikuwa mazito toka alfajiri. Mahema matatu yalisimamishwa: moja la wageni waalikwa, moja la wageni waalikwa wa wageni waalikwa, na moja la chakula. Wahitimu walisimama nje ya mahema kwa kuwa wao ndio wenyeji. Majoho yalikuwa meusi, yamekodiwa kwa fundi wa harusi, na baadhi yalikuwa na shanga za bibi harusi mgongoni. Koplo Nandonde alivaa kofia yake nyuma mbele, kishungi kikimning'inia puani, akawa anakipuliza kila anapopumua.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Mipito na Mambo ya Muda, ambaye aliteuliwa kukaimu nafasi hiyo kwa wiki mbili, miaka kumi na tisa iliyopita. Alisimama, brasbendi ikanyamaza.

"Ndugu wahitimu," alisema Waziri. "Nyumba ni nini? Wengine watasema nyumba ni ukuta. Wengine watasema ni bati. Huo ni mtazamo finyu. Serikali yenu sikivu imetafakari, ikafanya semina mbili nje ya nchi, na imebaini kwamba nyumba ni fikra. Mtu mwenye fikra ya nyumba, hata akilala chini ya mwembe, yumo ndani! Na mtu asiye na fikra hiyo, hata ukimweka ghorofani, yuko nje! Leo ninyi mnaondoka hapa mkiwa na fikra kumi na nane imara, zisizovuja!"

Makofi. Bwana Kilimba alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

Kisha mshereheshaji aliita jina la Sajenti Likongo. Mzee alipanda ngazi za marumaru moja moja, akakataa kushikwa mkono. Waziri alimkabidhi ufunguo wa mbao. Mpiga picha aliwasogeza kushoto, akawasogeza kulia. Mzee akaugeuza ufunguo mkononi mwake, akauchungulia meno yake, kisha akapiga saluti.

"Mheshimiwa Waziri, naomba kuuliza."

"Uliza, shujaa wetu, uliza!"

"Mlango uko mtaa gani?"

Zikasikika sufuria katika hema la chakula. Waziri alimtazama Bwana Kilimba. Bwana Kilimba akaitazama ratiba, ambayo haikuwa na kipengele cha maswali.

"Mlango, shujaa wetu," alisema Waziri, akaweka mkono kifuani, "uko mioyoni mwetu."

Makofi tena, na safari hii wageni waalikwa wa wageni waalikwa walisimama.

Sajenti Likongo alibaki na saluti yake kwa muda. Bi. Stamili, aliyekuwa amesimama getini na daftari la kuandikia wanaotoka, alimwona akishusha mkono, na akaona masharubu yakicheza kidogo. Alimrudishia Waziri ufunguo. Hakuutupa wala hakununa. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

*

Kipengele cha mwisho kilikuwa gwaride la kutoka. Sajenti alisimama mbele ya wenzake kumi na saba. Bendi ikaanza. Ratiba ilisema hivi: wahitimu watapiga hatua hadi getini na kutoka, matroni ataweka alama ya vyema mbele ya kila jina, mlinzi atafunga geti kwa kufuli, mgeni rasmi aliyesimama wima jukwaani ataketi gwaride likishavunjwa, kisha chakula.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye daftari, juu ya jina la Nandonde.

Gwaride lilikuja polepole kwa mwendo wa mguu wa Sajenti. Wazee waliosahau majina ya wajukuu wao walikuwa wamekumbuka kuinua magoti. Walifika getini, na hapo, kwenye mstari wenyewe wa kizingiti, Sajenti aliamuru wapige hatua pale pale bila kusogea. Puu, puu, puu. Bendi iliendelea kwa kuwa haikuambiwa inyamaze.

"Vipi tena?" Bwana Kilimba alikuja mbio, ratiba kichwani kuzuia mvua. "Tokeni! Tokeni, chakula kinapoa!"

Sajenti hakumtazama. Alimtazama Bi. Stamili.

"Afande Matroni," alisema, sauti imara, miguu ikiendelea. "Kikosi kiko tayari. Naomba kuambiwa kinaelekea wapi."

Hakuwa akifanya mzaha. Mwanajeshi hapigi hatua ya kwenda mbele bila kujua mbele ni wapi, na yeye alikuwa ameshawauliza wote wengine.

Bi. Stamili alitazama nje ya geti. Palikuwa na barabara yenye matope, duka lililofungwa, na baraza la duka ambalo tayari lilikuwa na mtu amelala, na mtu huyo alikuwa ameukunja mwili wake vizuri sana, na chini ya kichwa chake palikuwa na kofia ya pembe nne. Alitazama damu nyembamba iliyoanza kupenya kwenye bendeji ya Sajenti. Akamtazama Bwana Kilimba.

"Weka alama za vyema, Bi. Stamili!"

Alifunga daftari akalitia kwapani.

"Mbaruti," alimwambia mlinzi, "mfungulie yule mzee wa barazani aingie. Hapana, usinitazame hivyo, mfungulie." Kisha akamgeukia Sajenti. "Kikosi kinaelekea bwenini."

"Bwenini?"

"Bwenini, mzee. Hiyo ni amri."

"Afande!" alisema Sajenti Likongo, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilimfanya mpiga tarumbeta ameze hewa. "Kikosi! Nyumaaa... geuka!"

Waligeuka. Koplo Nandonde aligeukia upande wake mwenyewe, akazunguka mara moja na nusu, akajikuta kafika sawa na wenzake. Majoho kumi na manane yalirudi uwanjani, yakapita mbele ya hema la kwanza, la pili na la tatu, mahali ambapo safu ya nyuma ilichukua sinia moja la pilau bila kuvunja hatua. Mzee wa barazani alidandia mwishoni akiwa amevaa kofia yake. Wageni waalikwa walipiga makofi, wakidhani ndivyo inavyokuwa.

"Wazuieni!" Bwana Kilimba alipiga kelele. "Sajenti, simama! Vunja gwaride!"

"Gwaride lina kamanda wake, raia!" alijibu Sajenti bila kugeuza shingo. "Na kamanda hajaamua kulivunja!"

Jukwaani, Waziri wa Mipito alisimama wima kwenye mvua, mkono kifuani, maana itifaki ya nchi yao haimruhusu mgeni rasmi kuketi wala kuingia hemani gwaride likiwa bado ni gwaride. Suti ilimganda mwilini. Msaidizi wake alimnong'oneza jambo. Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni, kwa kuwa itifaki ile aliitunga yeye.

Bi. Stamili aliingia bwenini wa mwisho. Alihesabu vichwa: kumi na tisa. Vitanda kumi na vinane, basi wembamba wawili watalala pamoja, si mara ya kwanza. Nje, viatu vya Bwana Kilimba vilikuwa vikikanyaga madimbwi kuja mlangoni. Alisukuma mlango, akapiga komeo, akausukuma kuhakikisha.

"Haya, vueni majoho mkunje vizuri," alisema. "Ya watu hayo."